Presha Iliposhuka: kisa cha mama aliyetokwa damu huku wodi nzima ikiona nafuu

Katika wodi za uzazi tunafundishwa kuiogopa presha inayopanda. Kisa hiki ni cha presha iliyoshuka, na kushuka kwake kukapokelewa kwa shukrani. Nimekipanga kwa ajili ya kujifunza, kwa kuunganisha mambo yanayojirudia mno katika vikao vya kupitia majalada ya akina mama waliofariki au walioponea chupuchupu. Si jalada la mtu mmoja. Ila dawa, vipimo na mfuatano wa mambo ni vile vile anavyokutana navyo mkunga yeyote akiwa zamu ya usiku.

Asubuhi hadi kujifungua

Mama ana miaka 31, mimba ya nne, wiki ya 37. Amefika asubuhi akilalamika kichwa kinachogonga tangu jana yake na vimulimuli mbele ya macho. Presha 164/108, protini nyingi kwenye mkojo, uso umevimba. Chembe sahani za damu, zile zinazosaidia damu kuganda, ziko 128,000, yaani zimeanza kupungua. Hiyo ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba, na waliompokea hawakupoteza muda. Ndani ya nusu saa alikuwa amemeza nifedipini ya kushusha presha, amedungwa magnesiamu salfeti ya kuzuia kifafa, gramu 4 mshipani na gramu 5 kila tako, na amewekewa mpira wa mkojo. Mpango ulikuwa kuendelea na magnesi gramu 5 kila baada ya saa 4, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua.

Sehemu hii ilifanywa vizuri na inastahili kusemwa hivyo. Utafiti mkubwa uitwao Magpie, uliochapishwa mwaka 2002 na kuhusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba magnesi hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Mama huyu hakupata degedege hata mara moja. Kwa upande wa ugonjwa aliokuja nao, hospitali ilimtendea haki.

Ugonjwa huo haupoi mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke, kwa hiyo akaanzishiwa uchungu. Uchungu ukasuasua. Dripu ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, ikapandishwa kidogo kidogo kwa saa 11. Saa 3:40 usiku akajifungua mtoto wa kike mwenye kilo 3.7, aliyelia mara moja. Akapewa oksitosini yuniti 10 kwenye paja, kondo likatoka baada ya dakika 8 likiwa limekamilika, mchaniko mdogo ukashonwa. Kwenye kitabu cha leba pakaandikwa: damu, ml 400.

Tusimame hapo kwanza. Namba hiyo haikupimwa. Ilikadiriwa kwa macho, kwenye pedi na shuka, na mtu aliyekuwa amesimama tangu alipoingia zamu. Macho hupunguza. Tena damu inavyozidi kuwa nyingi, ndivyo macho yanavyozidi kuipunguza, na hilo halina uhusiano na ujuzi wa mtazamaji. Bingwa na mwanafunzi hukosea kwa namna moja. Na mama huyu alikuwa na kila sababu ya kizazi chake kuchoka: mtoto mkubwa, uzazi wa nne, oksitosini ya muda mrefu ambayo huufanya msuli wa kizazi uache kuiitikia dawa hiyo hiyo, na magnesi ambayo kazi yake mojawapo ni kulegeza misuli. Hiyo si sababu ya kumnyima mtu magnesi. Ni sababu ya kutoondoa mkono tumboni mwake baada ya kondo kutoka.

Saa mbili

Saa 4:10 usiku: presha 138/90, mapigo ya moyo 98. Mkunga wa leba akamkabidhi kwa wodi ya waliojifungua. Makabidhiano yalikuwa mafupi kwa sababu kitanda cha pili kilikuwa na mama anayesukuma. "Huyu ni mama wa presha, yuko kwenye magnesi, dozi inayofuata saa sita kamili. Presha inaendelea kushuka vizuri." Hakuna lililosemwa kuhusu kizazi, wala damu.

Saa 4:40: presha 118/76, mapigo 112. Mama akaomba maji. Muuguzi akampa, akamwambia, "Presha imekaa vizuri sasa, mama, pumzika." Alimwambia kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amemwona asubuhi akiwa na 164/108. Akampigia daktari wa zamu, ambaye alikuwa kwenye upasuaji mwingine, akamsomea presha na mapigo. Jibu likawa: mapigo yanapandishwa na nifedipini, endeleeni hivyo hivyo, msimpe dozi nyingine ya presha kwa sasa.

Saa 5:10: presha 104/64, mapigo 124. Mkojo wa saa nzima ml 15. Pembeni ya namba ya mkojo pakaandikwa "presha ya mimba", kwa maana kwamba figo za wagonjwa hawa hutoa mkojo kidogo. Dada yake mama, aliyekuwa amemshika mtoto, akamfuata muuguzi mezani: "Sista, huyu hayuko sawa. Namuuliza hili ananijibu lile." Akaelezwa kwamba ile sindano ya kuzuia kifafa huleta usingizi, na kwamba mgonjwa amechoka. Yote mawili ni kweli.

Saa 5:35: mhudumu wa usafi alikuja kubadilisha shuka. Pedi ya juu ilikuwa na damu ya kawaida. Alipomgeuza mama ubavu na kuvuta shuka, ikamlemea mkononi. Damu ilikuwa imepita nyuma, chini ya kiuno, ikaingia kwenye godoro lenye bonde katikati, na mabonge mawili makubwa yamelala hapo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Sista, njoo uone hii shuka ilivyo nzito."

Presha 78/40. Mapigo 142. Mikono ya baridi, midomo myeupe. Muuguzi alipoweka kiganja tumboni alikuta kizazi kimepanda juu ya kitovu na ni laini kama unga uliokandwa maji mengi. Alipokikanda, mabonge mengine yakatoka.

Kila dalili ilikuwa na mwenyewe

Watu wakisoma mfuatano huu kwa mara ya kwanza, neno linalokuja haraka ni uzembe. Mimi silikubali, na si kwa kuwalinda wenzangu. Tukisema uzembe, tutawaita waliokuwa zamu, tutawaandikia barua, na mama wa presha atakayefuata atakutana na mtego ule ule ukiwa umetegwa vile vile.

Angalia mama anayetokwa damu anavyojionyesha. Presha hushuka. Moyo hukimbia. Mkojo hupungua. Anaona kiu, akili inatawanyika, anasinzia. Kwa mama mwenye afya, dalili hizi zikijitokeza pamoja hazina maelezo mengine, kwa hiyo mtu hushtuka. Kwa mama huyu kila moja ilikuwa na maelezo yake tayari, na kila maelezo yalikuwa sahihi kitabuni. Presha imeshuka: nifedipini. Moyo unakimbia: nifedipini. Mkojo kidogo: ugonjwa wenyewe. Usingizi: magnesi. Kiu: leba ndefu. Hakuna aliyedanganya wala aliyebahatisha. Tatizo ni kwamba maelezo matano tofauti yalihitajika kueleza kitu ambacho maelezo moja, damu, yangekieleza chote.

Presha ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi ya kuficha. Ukimwonyesha mkunga yeyote karatasi yenye 118/76 bila jina, atakwambia ni presha ya mtu mzima mwenye afya. Lakini huyu alikuwa na 164 asubuhi na 138 nusu saa baada ya kujifungua. Kati ya saa 4:10 na 4:40 alipoteza pointi 20 kwenye namba ya juu ya presha bila kupewa dawa mpya. Nifedipini yake ya mwisho ilikuwa ya saa 10 jioni. Swali la kuuliza halikuwa "je, 118 ni nzuri?" Lilikuwa: kwa nini imeshuka sasa?

Kuna jambo jingine kuhusu miili ya akina mama hawa ambalo halisisitizwi vya kutosha. Mimba ya kawaida huongeza damu mwilini kwa karibu nusu ya kiasi cha kabla ya mimba. Ni akiba ya kuvukia uzazi. Ndiyo maana mama mwenye afya anaweza kupoteza lita nzima, au zaidi, kabla presha haijayumba. Mwenye presha kali ya mimba hupata sehemu ndogo tu ya akiba hiyo. Mishipa imekaza, maji yamehamia kwenye mwili, ndiyo ule uvimbe wa uso na miguu, na kilichobaki ndani ya mishipa ni kidogo. Anaonekana amejaa maji kumbe mishipani amekauka. Damu ambayo jirani yake wa kitanda cha pili angeipoteza na kuomba chai, yeye inamwangusha. Na kizazi cha mimba iliyokomaa hupitisha damu ya ml 500 hadi 700 kwa dakika. Kisipokaza, hakuna muda wa kutafakari.

Yapo mahesabu mepesi ambayo yangeupasua ukungu huu. Chukua mapigo ya moyo, yagawe kwa namba ya juu ya presha. Baada ya kujifungua, jibu likifika 0.9 au kuzidi, mama huyo anahitaji macho ya haraka. Saa 4:10 mama yetu alikuwa na 0.71. Saa 4:40, wakati wa "pumzika, mama", alikuwa na 0.95. Saa 5:10 alikuwa na 1.19. Saa 5:35 ilikuwa 1.82. Namba zote za kufanyia hesabu hiyo zilikuwepo karatasini, zimeandikwa kwa mwandiko safi, kwa wakati. Waliozichukua walizichukua kwa uangalifu. Kilichokosekana ni mtu wa kuziweka mbili mbili.

Na karatasi zenyewe zilichangia. Presha na mapigo vilikuwa kwenye fomu ya presha. Magnesi na nifedipini kwenye fomu ya dawa. Damu kwenye kitabu cha leba, ambacho kilibaki leba. Ugumu wa kizazi haukuwa na kisanduku popote. Muuguzi wa wodi hakuwahi kuiona ile "ml 400" hadi siku ya kikao. Daktari aliyepigiwa simu saa 4:40 alipewa namba mbili akajibu namba mbili. Nimesikia watu wakimlaumu kwa kutouliza hali ya kizazi, na kwa kweli ilimpasa aulize. Lakini simu inayopigwa kwa mtu aliye katikati ya upasuaji hujibiwa kile kilichosomwa. Anayepiga lazima aanze na habari kamili: mama kajifungua saa 3:40, mtoto mkubwa, uchungu ulianzishwa, damu haikupimwa, presha imeshuka kutoka 138 hadi 118 kwa nusu saa, mapigo yamepanda kutoka 98 hadi 112. Habari ya namna hiyo ingemtoa daktari kwenye njia ya presha na kumweka kwenye njia ya damu kabla hajamaliza kuisikiliza.

Kuanzia saa 5:35

Baada ya mhudumu kuita, wodi ilifanya kazi ambayo ningependa kila mtu aione. Mmoja alikanda kizazi bila kukiachia. Mmoja alitia kanula kubwa mkono wa pili, akachukua damu ya kupima kundi na kuoanisha. Dripu ya oksitosini ikafunguliwa, misoprostoli, dawa nyingine ya kukaza kizazi, mikrogramu 800 zikawekwa chini ya ulimi. Asidi ya traneksamiki, inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke, gramu 1 ikaingia mshipani saa 5:52.

Dawa hii ya mwisho nataka niiongelee kidogo kwa sababu saa yake ina maana. Utafiti uitwao WOMAN, uliotoka mwaka 2017 na kuhusisha wanawake 20,060 katika nchi 21, ulionyesha kwamba traneksamiki hupunguza vifo vya kutokwa damu inapotolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10. Mama yetu aliipata saa 2 na dakika 12 baada ya kujifungua. Alikuwa ndani ya muda unaoruhusiwa, na wengi waliosoma jalada walitia alama ya tiki wakaendelea. Mimi siwezi kuendelea. Angeipata saa 4:40, lilipotokea lile 0.95, angeipata ikiwa na nguvu zaidi, na kwenye damu ambayo bado inajua kuganda.

Saa 5:55 mtu alivunja kichupa cha ergometrini. Ni dawa nzuri ya kukaza kizazi, na mkono uliozoea huiendea wenyewe. Mkunga mzee zaidi akamshika kiganja: "Hapana. Huyu ni wa presha." Yule akajibu kwamba presha sasa ni 78. Mkunga hakukubali. Ergometrini hubana mishipa ya mwili mzima. Mama huyu akishajazwa maji na damu presha ingerudi juu kwa kishindo, na ubongo ambao asubuhi ulikuwa ukiona vimulimuli ungeweza kupasuka mshipa. Dawa ikawekwa kando. Ninaona hapa ndipo lile jina la "mama wa presha" lilipomsaidia. Halikuwa kosa kumwita hivyo. Kosa ni kwamba kwa saa mbili aliitwa hivyo tu.

Daktari alipofika alichunguza ndani: shingo ya kizazi haikuchanika, hakuna kipande cha kondo kilichobaki. Akaminya kizazi kwa mikono miwili, ngumi moja ndani na kiganja kingine juu ya tumbo. Damu ikapungua, haikukoma. Puto la kizazi likaingizwa na kujazwa maji. Kwa dakika kadhaa kila mtu alidhani limeshika. Kisha damu ikaanza kupenya pembeni, nyepesi, haina bonge hata moja.

Muuguzi mmoja alikuwa amechukua ml 2 za damu kwenye kichupa kidogo cha kioo na kukifumba kiganjani ili kipate joto la mwili. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Damu isipoganda kwa dakika 7, au ikitengeneza bonge laini linalovunjika, mgandisho umeharibika. Dakika ya 7 alikiinamisha. Damu ikatiririka kama ilivyoingia. Ndipo ikajulikana kwamba kizazi si tatizo pekee tena. Maabara ilithibitisha baadaye: fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, gramu 1.3 kwa lita, ilhali kwa mjamzito wa kawaida huwa kati ya 4 na 6, na chini ya 2 ni kengele. Chembe sahani 61,000. Ugonjwa wa presha ulikuwa umeanza kuzila tangu asubuhi, na damu iliyomwagika ikabeba nyingi kati ya zilizobaki. Maji ya dripu yaliyomwagwa kuokoa presha yakapunguza makali ya zilizosalia.

Chupa ya kwanza ya damu ilifika saa 6:25. Dozi ya magnesi ya saa 6 kamili ilikuwa imeshikiliwa, na uamuzi huo ulikuwa sahihi: magnesi hutolewa na figo, mkojo ulikuwa chini ya ml 30 kwa saa, na anayeendelea kudungwa bila mkojo huweza kuacha kupumua. Lakini hatari ya kifafa haikuwa imekwisha, kwa hiyo mtu mmoja alipewa kazi ya kuhesabu pumzi na kugonga goti kuona kama mguu bado unaruka, kila robo saa, hadi mkojo urudi na dawa iendelee. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima nguvu za magnesi ikizidi, ilikuwa tayari kwenye sinia. Aliipata pia, kwa sababu kubwa zaidi ya magnesi: damu ya chupa huhifadhiwa kwa sitreti inayofunga kalsiamu, na mwili usio na kalsiamu hauwezi kugandisha damu wala kukaza msuli.

Saa 7:05 akaingia chumba cha upasuaji. Wakajaribu kwanza mshono wa kukibana kizazi, ule ulioelezwa mwaka 1997 na daktari Christopher B-Lynch huko Uingereza, ambao hukizunguka kizazi juu na chini kama mikanda ya mkoba. Kizazi kikakaza kidogo, damu ikaendelea kuchuruzika kwenye kila tundu la sindano. Saa 7:50 daktari mkuu, baada ya kushauriana na mwenzake na mtaalamu wa usingizi, alikitoa kizazi. Kwa ujumla mama alipoteza zaidi ya lita 3 za damu. Alipewa chupa 6 za damu na 4 za plazima, yale maji ya damu yenye protini za kugandisha.

Kwa vigezo ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviweka kwa ajili ya kuchunguza walioponea chupuchupu, chupa 5 za damu zinatosha, na kutolewa kizazi kwa sababu ya damu kunatosha. Yeye alikuwa na vyote viwili. Alikaa chumba cha wagonjwa mahututi siku mbili.

Nini kingebadilika

Kikao cha kupitia jalada kilianza kwa mapendekezo ya kawaida: mafunzo zaidi, wauguzi zaidi. Wauguzi zaidi, naam. Wawili kwa wodi iliyojaa hawatoshi, na hakuna fomu itakayoziba pengo hilo. Ila mafunzo? Waliokuwepo walijua kila kitu. Walipoona damu walifanya kila hatua kwa mpangilio. Walichokosa ni kuiona.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 200,000. Baada ya mama kujifungua waliweka chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na damu ikifika kiwango cha hatari, tiba zote za mwanzo zinatolewa kwa pamoja: kukanda, oksitosini, traneksamiki, dripu, kuchunguza chanzo. Hazisubiriani. Hali ya kutokwa damu nyingi sana, kupasuliwa kwa ajili ya damu au kufa kwa damu ilipungua kwa asilimia 60. Ninachokipa uzito zaidi katika matokeo yale ni kugundua: kwa kukadiria kwa macho, karibu nusu ya waliokuwa wakitokwa damu kupita kiasi hawakutambuliwa, kwa mfuko, walitambuliwa 93 kati ya 100. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilishusha kizingiti cha kuchukua hatua: ml 300 zinatosha kama presha au mapigo hayako sawa, bila kusubiri zile ml 500 za zamani.

Mama yetu aliandikiwa ml 400. Hata kama macho yale hayakupunguza tone, kwa kizingiti kipya, saa 4:40 alikuwa amekwisha kuvuka.

Mfuko basi uwepo, na mfuko ukikosekana shuka zipimwe kwenye mizani. Gramu 1 ni takriban ml 1, na uzito wa shuka kavu unajulikana. Mkono uwe tumboni kila robo saa kwa saa mbili za mwanzo na ugumu wa kizazi uandikwe kwenye karatasi ile ile yenye presha. Mama ageuzwe ubavu na chini yake paangaliwe, kwa sababu damu hufuata mteremko wa godoro na pedi ya mbele haisemi kitu. Na kwa kila aliyekuwa na presha ya mimba, juu ya fomu iandikwe kwa kalamu nene presha aliyoingia nayo leba, ili anayesoma 118 saa 4:40 asiisome peke yake.

Ndugu wa mgonjwa nao wapewe nafasi. Dada mtu aliona saa 5:10 kile ambacho fomu haikukiona, kwa sababu anamjua ndugu yake anavyojibu akiwa amechoka. Maneno ya ndugu kwamba "hayuko sawa" yawe sababu kamili ya kunyanyuka na kumfunua mama, hata namba zikionekana nzuri. Mhudumu wa usafi aliyeita kwa wakati hakuwahi kufundishwa lolote kuhusu kutokwa damu baada ya kujifungua. Angefundishwa, huenda asingesubiri zamu ya kubadilisha shuka.

Baada ya kuruhusiwa

Habari ya kizazi kutolewa aliisikia siku ya tatu, kwa bahati mbaya, muuguzi alipomwambia asihangaike kununua pedi kwa mwezi ujao. Mume alikuwa ameambiwa usiku ule ule kwa simu, akaombwa asimshtue mgonjwa. Hili limeniuma kuliko mengi katika jalada lote. Aliyekuwa na haki ya kuambiwa kwanza ni mwenye mwili, mara tu alipoweza kusikia na kuuliza, na aliyepaswa kumwambia ni daktari aliyemfanyia upasuaji, akiwa ameketi kwenye kiti karibu naye, na muda wa kutosha.

Barua yake ya kuruhusiwa ilisema: presha ipimwe wiki ya sita, anywe vidonge vya kuongeza damu. Haikutosha. Wanawake waliopata presha kali ya mimba wana uwezekano wa takriban mara mbili wa kuugua moyo au kiharusi miaka ya mbele, hivyo presha yake ni ya kupimwa kila mwaka maisha yote.

Na kuna tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Wakati wa mimba hukua, na damu yake haiongezeki sana kulingana na ukuaji huo. Mama akipata mshtuko wa kuishiwa damu, sehemu ya tezi huweza kufa. Harold Sheehan alilieleza tatizo hili mwaka 1937. Dalili yake ya mapema ni maziwa kutotoka, na inayofuata ni hedhi kutorudi, kisha uchovu usiokwisha, baridi, kizunguzungu, presha ya chini, miezi au hata miaka baadaye. Mama huyu maziwa yake yalichelewa, na ikasemwa ni kwa sababu alikuwa mahututi akatenganishwa na mtoto. Hedhi haitarudi kwa kuwa kizazi hakipo, kwa hiyo dalili hiyo haitamsaidia mtu. Uchovu utaitwa upungufu wa damu na malezi ya mtoto mchanga. Mtu atakayempokea kliniki mwaka kesho, mbali na hospitali hii, hataunganisha mambo hayo asipokuta yameandikwa. Kwa hiyo barua iandikwe upya, na ndani yake liwemo sharti moja lililo wazi: maziwa yasipotoka vizuri ndani ya wiki mbili, au uchovu ukizidi wakati damu imepanda, apimwe homoni za pituitari, kotisoli na tezi ya shingo. Nakala moja ibaki hospitalini, moja apewe yeye mkononi, na asomewe kwa sauti kabla hajaondoka.